Sinema ya Dakika Nane

Mazungumzo yaliyotolewa ukumbini mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu



Katibu wa chama chetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa uhuru wa kuchagua mada. Ila aliongeza kwa upole kwamba katika mkutano mmoja uliopita mtumishi mwenzangu wa Serikali alizungumzia sheria ya manunuzi ya umma kwa saa 1 na dakika 20, na kwamba wanafunzi bado wanaikumbuka siku hiyo. Nimeelewa. Kwa hiyo leo kazi yangu nimeiacha ofisini. Nitawaeleza jambo ninalolifanya jioni na siku za mapumziko, ambalo mke wangu analiita ugonjwa: nakusanya sinema zilizofupishwa.

Hiki nilichoshika ni roli ya filamu ya milimita 8, ya aina iitwayo Super 8. Urefu wake ni futi 200. Sanduku lake, kama mnavyoona, lina picha ya Star Wars. Sinema hiyo ilipotoka mwaka 1977 ilikuwa ya saa 2 na zaidi kidogo. Hii hapa ni ya takriban dakika 8. Ilitengenezwa na kampuni ya Ken Films ya Marekani, kwa ruhusa ya wenye sinema yao, ikauzwa madukani ili mtu aende nayo nyumbani, azime taa, atundike shuka ukutani na kuwaonyesha wanawe. Nasema kwa ruhusa kwa sababu najua ukiwa umekulia Kariakoo na ukasikia habari za sinema ya kununua, jambo la kwanza unalofikiria ni kanda ya wizi.

Biashara hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1922 kampuni ya Pathé ya Ufaransa ilitoa mashine ndogo ya nyumbani yenye filamu ya upana wa milimita 9.5, na pamoja nayo ikauza sinema za majumba makubwa zikiwa zimekatwakatwa. Mwaka uliofuata Kodak wakatoa filamu ya milimita 16, na mwaka 1932 wakatoa ya milimita 8. Kule Marekani bwana mmoja, Eugene Castle, ambaye alikuwa na kampuni yake tangu 1924, alianza mwaka 1937 kuuza filamu za nyumbani, na ya kwanza ilikuwa habari ya kuungua kwa ndege kubwa ya Wajerumani, Hindenburg. Mwaka 1947 kampuni yake iliingia mikononi mwa Universal, na baadaye mazimwi ya Universal, Frankenstein na wenzake, yakaanza kuingia sebuleni mwa watu kwa vipande vya dakika 8 au 9. Kisha mwaka 1965 Kodak wakatoa Super 8. Upana ni uleule wa milimita 8, lakini matundu ya pembeni yalifanywa madogo, hivyo nafasi ya picha ikaongezeka kwa karibu nusu. Miaka kumi na tano iliyofuata ndiyo ilikuwa miaka ya neema ya sinema hizi fupi.

Sasa mtauliza, hayo yanahusiana nini na Dar es Salaam?

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba mji huu ulikuwa mji wa sinema. Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, Chox. Na kuanzia 1966 kulikuwa na ile sinema ya kuingia na magari kule Msasani, mahali ambapo tangu 2003 pana ubalozi wa Marekani. Televisheni huku Bara hatukuwa nayo mpaka 1994, mwaka mmoja kabla sijaanza kidato cha kwanza katika shule hii. Zanzibar walikuwa nayo tangu mapema miaka ya 1970, na wenzetu wa huko hawakuacha kutukumbusha. Kwa hiyo kwa miaka thelathini na mitatu tangu Uhuru, mtu wa Bara aliyetaka kuona picha inayotembea alikuwa na njia mbili kuu: anunue tikiti, au asubiri gari la sinema la Serikali lije kiwanjani.

Lakini palikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa ya wachache. Katika nyumba za ghorofa za katikati ya mji, mitaa ya Jamhuri, Kisutu, India na upande wa Upanga, baadhi ya familia za wafanyabiashara na za wataalamu walikuwa na projekta ndogo. Mjomba akitoka London au Nairobi aliweza kuja na mkopo wa chuma wenye Laurel na Hardy ndani yake. Siku ya Idi au Diwali, au siku ya kuzaliwa mtoto, watoto wa jengo zima walikaa sakafuni kutazama. Nimezungumza na wazee kadhaa waliokuwa watoto wakati ule, na karibu wote wanakumbuka jambo moja: filamu ikiisha, baba aliirudisha nyuma taa ikiwa inawaka, wakaona watu wakitoka majini kinyumenyume na sahani zilizovunjika zikijiunga. Wengine wananiambia hiyo ndiyo ilikuwa sinema yenyewe, na ile ya kwenda mbele ilikuwa ni utangulizi tu.

Mimi sikuyaona hayo. Nimezaliwa 1981 na nimekulia Mtaa wa Sikukuu, na sinema yangu ilikuwa banda la video: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, joto, na sauti ya msimulizi juu ya sauti ya Mchina. Nitarudi kwa huyo msimulizi.

Roli yangu ya kwanza niliipata mwaka 2008, miaka mitatu baada ya kutoka Mlimani, nikiwa mtumishi mdogo mwenye mshahara mdogo. Nilikuwa napita Gerezani kutafuta pampu ya maji. Mzee mmoja alikuwa ametandaza turubai lenye vyuma vya kila aina, na katikati ya vitasa na bawaba kulikuwa na makopo saba ya bati.

"Shikamoo mzee. Haya ni makopo ya nini?"

"Marahaba mwanangu. Haya ya sinema. Ukitaka kopo chukua kopo, ile nyuzi ya ndani uitupe mwenyewe."

Aliyaita nyuzi. Nikamuuliza yametoka wapi, akasema kwenye dari la nyumba iliyokuwa inabomolewa mjini ili pajengwe ghorofa. Nilinunua yote saba kwa bei ya pampu, na siku ile nyumbani tukateka maji kwa ndoo.

Tangu hapo nimejifunza kwamba roli nyingi zilizobaki mjini zinatoka mahali pale pale: darini. Na sababu zake ni historia ya nchi yetu. Mwaka 1971 ilipitishwa sheria ya kutaifisha majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya umma. Familia nyingi za Kihindi ziliondoka katika miaka iliyofuata, zikaenda Uingereza na Kanada, na mtu anayefunga maisha yake katika masanduku mawili hachukui projekta ya kilo kumi. Halafu ikaja 1983, msako wa wahujumu uchumi. Wazee wanasimulia kwamba usiku ule watu waliogopa hata vitu walivyonunua kwa halali, na kila kilichoonekana cha kigeni kilipandishwa juu, kikafukiwa au kikatupwa. Mwaka mmoja nilipewa projekta iliyokuwa imefungwa ndani ya gunia la sukari tangu wakati huo. Mwenye kunipa alisema baba yake hakuishusha tena mpaka alipofariki.

Hivi sasa ninazo roli 143. Nyingi ni za futi 200, chache za futi 400, na dazani mbili hivi ni zile fupi kabisa za futi 50 ambazo kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde zinakwisha kwa dakika 3 na sekunde 20. Ninayo Jaws, papa yule wa mwaka 1975. Ninazo Chaplin, Laurel na Hardy, na yule kiumbe wa majini wa Universal. Picha za Kihindi zilizofupishwa kwa namna hii sijapata kuzishika, na hilo linanisikitisha kwa sababu mji huu ulilia na Raj Kapoor na ukaimba na Sholay. Lakini ukifikiri vizuri, utaifupishaje Sholay? Ina saa 3 na zaidi, na kila mtu aliyeiona atakupiga kwa kipande ulichokiondoa.

Hapo ndipo ilipo raha ya jambo hili kwangu, wala si katika uchache wa vitu vyenyewe. Mtu alikaa mezani na sinema ya saa 2 mbele yake, akaambiwa abakize dakika 8. Aondoe nini? Katika roli zangu nimeona desturi zao. Mapenzi huondolewa kwanza. Maelezo ya nani ni ndugu wa nani hufuata. Mapigano hubaki, moto hubaki, zimwi hubaki lote. Mzee mwenye hekima anayemwonya steringi asiende mlimani hukatwa karibu kila mara, kwa hiyo steringi anakwenda tu mlimani kwa ujinga wake mwenyewe. Kwenye zile zisizo na sauti waliweka maandishi mafupi badala ya mazungumzo, na kuna moja yangu ambamo hotuba ya dakika nzima imegeuka kuwa maneno mawili: "Haiwezekani! Twende!"

Msicheke sana. Ninyi ambao mmeshika kazi za Serikali mnajua kwamba sisi nasi tunafanya hivyohivyo. Inakuja taarifa ya kurasa 200 kutoka mikoani, na afisa anaandika dokezo la kurasa 2 liende juu. Aliye juu hataiona taarifa. Ataliona dokezo. Yule mzee mwenye hekima aliyeonya kuhusu mlima yumo ukurasa wa 164, na ni juu ya afisa mmoja, jioni, akiwa na njaa, kuamua kama atapita au atakatwa. Nimeandika madokezo kwa miaka karibu ishirini, na nadhani wakataji wa sinema wa Castle Films wamenifundisha kazi hiyo zaidi ya semina nyingi nilizolipiwa posho.

Wala tusidhani kufupisha sinema ni jambo la wageni. Kabla ya projekta za Upanga, Kariakoo ilikuwa na kifupisho chake. Kijana mmoja mwenye senti aliona picha Jumapili, na Jumatatu jioni barazani aliwasimulia kumi wasiokuwa nazo. Alifupisha, akaongeza, akapiga ngumi hewani, akatoa sauti ya farasi kwa mdomo. Wengine waliisikia picha mara tano kabla ya kuiona mara moja, na walipoiona walilalamika kwamba si nzuri kama ya msimulizi.

Hata magari ya sinema yalikuwa hivyo. Mwaka 1935 hadi 1937 kulikuwa na jaribio la kutengeneza sinema za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt. Walitengeneza filamu 35 za milimita 16, sauti ikiwa imerekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa maana ya kwamba msimulizi aliweza kubadilishwa kufuatana na lugha ya mahali. Nia yao ilikuwa ya kikoloni na mafundisho yao mengi yalikuwa ya kumwambia mkulima mambo aliyokuwa akiyajua kuliko wao. Lakini jambo moja waliliona mapema: watu wetu wanataka picha pamoja na mtu wa kuizungumza.

Basi ndiye huyo niliyemkuta bandani. Wa kizazi changu hawahitaji kuelezwa Lufufu ni nani. Kwa wadogo zetu: Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina hilo la Lufufu, alichukua kanda za video za nje akaweka juu yake sauti yake mwenyewe kwa Kiswahili. Hakutafsiri neno kwa neno. Aliwapa watu majina, aliwaonya, aliwacheka, alitueleza adui amekosea wapi. Watu walifika dukani wakauliza kama ni ya Lufufu kabla ya kuuliza ni picha gani. Baadaye wakaja wengine wengi, na mpaka leo ukipita mitaa ya Aggrey na Msimbazi utakuta sinema "zilizotafsiriwa" zikiuzwa, siku hizi ndani ya kifaa kidogo kama kidole. Kwa mawazo yangu msimulizi wa banda na mkataji wa Super 8 walikuwa katika ufundi mmoja. Mmoja aliondoa ili ieleweke, mwingine aliongeza ili ieleweke, na wote wawili walikuwa wakijibu swali lilelile: huyu aliyekaa hapa mbele yangu anataka kujua nini?

Biashara ya filamu fupi ilikufa haraka. Kanda za video zilianza kuuzwa Japani mwaka 1975 na 1976, na mtu alipoweza kuwa na sinema nzima ndani ya kasha moja hakuona sababu ya kununua dakika 8. Pia mwanzoni mwa 1980 bei ya fedha, namaanisha madini ya fedha, ilipanda mno, na filamu haitengenezwi bila fedha. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa yamefunga. Uingereza waliendelea kidogo. Duka la Derann lililokuwa Dudley lilidumu mpaka 2011.

Nipite haraka juu ya mashine, maana najua zikianza hazimalizi. Projekta ninazo tatu na zinazofanya kazi ni mbili. Balbu ni ya volti 12, wati 100, na niliipata kwenye duka la vifaa vya maabara. Mkanda wa mpira wa kuzungushia nimeutoa kwenye redio kaseti. Gia moja ya plastiki ilipovunjika, fundi wa Gerezani alinikerezea ya shaba kwa siku moja, akaniuliza ni ya mashine gani, na nilipomwambia akakataa kupokea hela mpaka aje aone. Alikuja na watoto wake wanne. Sijawahi kuonyesha sinema mbele ya watazamaji wazuri zaidi.

Tatizo kubwa ni siki. Filamu hizi zimetengenezwa kwa asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa asidi ileile iliyomo ndani ya siki ya jikoni. Ukifungua kopo ukasikia harufu ya kachumbari, ujue roli hiyo imeanza safari. Itasinyaa, itapinda, na mwisho itakatika kama mkate mkavu. Tena mvuke wake huambukiza roli za jirani. Zile zenye sauti huoza upesi zaidi kwa sababu ya utepe wa sumaku uliobandikwa pembeni. Dar es Salaam, kwa joto na unyevu wake, ni mahali pabaya kabisa pa kuhifadhi filamu. Rangi nayo ina mkasa wake: nakala nyingi za madukani zimepoteza buluu na kijani zikabaki nyekundu, hata Star Wars hii inaonekana kama imetokea ndani ya juisi ya rosela.

Ilipofika zamu ya wizara yetu kuhamia Dodoma mwaka 2019, wenzangu wengi walilalamika kuhusu vumbi na ukame. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Hewa kavu! Nilihamisha roli zangu kidogokidogo, kwa basi, na tangu 2024 kwa treni mpya, nikiwa nimezipakata mapajani kama mtu aliyebeba mayai. Sasa zinakaa katika chumba cha upande wa kusini, makopo yakiwa yametobolewa matundu ili yapumue.

Nilizoshindwa kuziokoa ni nyingi. Kuna ofisi moja, sitaitaja, iliyokuwa na kabati zima la filamu za milimita 16 za elimu ya watu wazima. Nilipoelezwa habari zake na kwenda, makopo yalikuwa yamekwisha kupimwa kwa kilo kama vyuma chakavu, na filamu zenyewe zilikuwa zimechomwa nyuma ya jengo. Aliyenipokea alishangaa kwa nini nauliza. Kwake kulikuwa na kabati, na sasa kuna nafasi.

Na sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nikubali mwaliko wa Katibu.

Mwaka juzi nililetewa kopo lililotoka nyumba ya zamani ya Mtaa wa Jamhuri. Juu liliandikwa Laurel na Hardy. Sinema hiyo nilikuwa nayo tayari, nakala safi kuliko hiyo. Lakini nina desturi ya kupitisha kila roli kwa mkono, polepole, nikiwa na kioo cha kukuzia, kutazama mipasuko. Baada ya Laurel na Hardy kumalizika kulikuwa na kiungo cha gundi, na baada ya kiungo filamu ya aina nyingine. Watu walifanya hivyo mara nyingi. Walikuwa na roli tupu kubwa, wakaunga sinema ya dukani na zile walizopiga wenyewe, ili wasibadilishe roli mbele ya wageni.

Filamu iliyoungwa ilikuwa Kodachrome, na Kodachrome ikikaa gizani haipauki. Rangi zake zilikuwa kama za jana. Pembeni mwa filamu za Kodak kulikuwa na alama ndogo, duara, mraba na pembetatu, zinazoonyesha mwaka wa kutengenezwa, na alama hizo zilirudiwa kila baada ya miaka 20. Za kipande hiki zilinipa 1953 au 1973. Kwa kuwa Super 8 haikuwapo kabla ya 1965, ni 1973. Na pana uthibitisho mwingine: katika sehemu ya kwanza linaonekana soko la Kariakoo likiwa bado linajengwa, ile miavuli ya zege ya Bwana Beda Amuli ikiwa imezungukwa na miti ya kukwelea, na tunajua soko lilifunguliwa 1975. Nilipoitazama picha hiyo nilikuwa nikikumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko hilohilo lilipowaka moto. Hapo kwenye filamu lilikuwa halijapata hata rangi.

Sehemu ya pili ni dakika 1 na sekunde 50. Wavulana wanakimbia. Nyasi, chokaa, mwalimu mwenye suti ya Kaunda na saa ya kupimia mkononi. Nyuma ya mwalimu kuna ukuta na mti. Ndugu zangu, mti ule mmeupita mlipokuwa mnaingia ukumbini. Ni uwanja wetu.

Halafu wanasimama wavulana watano, mikono mabegani, wanacheka. Wa katikati anamwelekeza mpiga picha asogee karibu.

Ilinichukua miezi kumi na moja kuipata familia. Wako Leicester. Aliyepiga picha alikuwa baba mwenye duka, amefariki zamani. Yule wa katikati alikuwa mwanawe, mwanafunzi wa shule hii, aliyefariki Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya kuhama. Dada yake yu hai. Nilimtumia nakala kwa simu. Hakujibu kwa siku sita. Siku ya saba alinipigia, akazungumza Kiswahili cha mjini kilekile cha miaka hiyo, ambacho huku kwetu sasa huwezi kukisikia. Akasema, "Sikuwa nakumbuka kwamba alikuwa mrefu."

Aliomba kipande chenyewe, si nakala. Wakusanyaji wenzangu wawili wameniambia nisikitoe, kwamba kitu kilichopigwa Dar es Salaam kibaki Dar es Salaam, hasa kwa kuwa picha za soko wakati wa ujenzi ni adimu. Nimewasikiliza. Hoja yao ina uzito na nimelala nayo mara nyingi. Lakini kipande kile hakikuuzwa wala kutupwa na mwenyewe. Kilisahauliwa darini katika mwaka ambao watu hawakupewa muda wa kukumbuka. Nimekubali kukirudisha, na nitakituma mwezi ujao. Sehemu ya soko nayo itakwenda, kwa sababu sitaikata filamu ya mtu. Nakala bora ya tarakimu nimeshaitengeneza, na leo naikabidhi kwa maktaba ya shule mbele yenu, pamoja na projekta moja inayofanya kazi na roli kumi, kwa sharti kwamba wanafunzi waruhusiwe kuzigusa.

Yule mama ameuliza jambo moja tu. Wale wanne waliosimama na kaka yake ni akina nani? Anakumbuka jina moja la utani, nalo sitalisema sasa ili nisiwapotoshe.

Ndugu Mwenyekiti, naona mbele hapa wamo wazee waliomaliza kati ya 1972 na 1976. Wanafunzi wa kidato cha pili watawapitishia karatasi na penseli. Tutaanza na Laurel na Hardy kwenye projekta yenyewe, ili wadogo zetu wasikie inavyonguruma. Kisha tutaonyesha nakala ya uwanja, na pale wanaposimama wale watano tutaisimamisha kwa muda wowote mtakaotaka. Ukimtambua mmoja, andika jina, hata kama ni la utani, hata kama huna hakika. Naomba madirisha ya upande wa barabarani yafungwe, na yule aliye karibu na swichi azime taa.